Kuku wa Sifuri Nne

Kibao changu pale stendi ya Shelui kimeandikwa kwa herufi kubwa: NATHAN, MHANDISI WA PROGRAMU ZA KOMPYUTA. Chini yake, kwa herufi ndogo, nimeongeza: tunachaji simu, tunaweka nyimbo, tunabadilisha vioo. Madereva wa malori wanaopumzika hapa kabla ya kuendelea na safari ya Nzega husoma herufi ndogo tu. Tangu nikitundike, hajashuka mtu kwenye lori akaniambia, "Ndugu mhandisi, nimekuja kuandikiwa programu." Wanashuka na kuniuliza kama nina chaja ya pini nyembamba.

Stashahada ya kompyuta ninayo, niliisomea Dodoma, imo kwenye bahasha chini ya godoro. Aliyenisomesha ni mama yangu, na mama yangu hana mradi mwingine ila kuku. Kwa hiyo nikisema nimesomeshwa na kuku, sitii chumvi. Hii ni habari ya namna nilivyowalipa fadhila.

Mama anaitwa Martha, ila majirani wanamwita Mama Nathan. Ni mjane. Anakaa kwenye kitongoji chetu kilicho nje kidogo ya mji, kaya kumi na sita zilizotawanyika kwenye mashamba ya alizeti na mtama, na mimi nakaa naye, kwa sababu mhandisi wa kuchaji simu hana uwezo wa kupanga chumba. Mlango wa pili kutoka kwetu ni kwa Mama Aneth, jina lake Rahabu. Hao wawili waliolewa msimu mmoja, wakawa wajane karibu kwa pamoja, na wanaimba sauti ya pili kwaya moja ya Kilutheri. Chumvi ikiisha kwetu tunachota kwake. Mchi wetu unalala kwake, kinu chake kinalala kwetu, na anayetaka kutwanga lazima ampitie mwenzake kwanza. Sijawahi kujua kama walipanga iwe hivyo.

Kuku nao waliishi kama wenye nyumba. Hakuna uzio. Kuku wa mama, ambaye toka zamani hafugi ila weupe, na kuku wa Mama Aneth, ambaye anafuga rangi zote alizoziumba Mungu, walilala popote magharibi ilipowakuta.

Sasa, macho ya mama yalianza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Ilifika mahali akawa anaona mtu kama gunia lililosimama, halafu anasubiri gunia liongee ndipo alijue. Tukampeleka hospitali mjini Singida, daktari akampa siku ya upasuaji. Akaambiwa aje na mwanamke wa kumwangalia, maana ni wodi ya wanawake na mwanamume haruhusiwi kulala mle. Dada yangu yuko Mitundu, amejifungua juzi juzi. Mama Aneth akasema, "Nitakwenda mimi. Kwani kuna mwingine?" Mama, ambaye anaogopa hospitali kuliko anavyoogopa nyoka, akaniambia waziwazi: "Akienda Rahabu, naenda. Asipokwenda, nitabaki na ukungu wangu." Yaani macho ya mama yalining'inia kwa mtu mmoja. Naomba msomaji alishike hilo, kwa kuwa mimi nililiachia.

Kilichonipa wazo ni vitambaa. Kwetu kila mwanamke humfunga kuku wake kitambaa mguuni au kwenye bawa ili wasichanganyike. Mwaka huo kwaya ilishona sare mpya, na zile za zamani, za kitenge cha kijani, zikachanwa vipande kitongoji kizima. Mama akagawa vingine hata kwa mke wa Mzee Rajabu, Mwislamu. Baada ya wiki kila kuku alikuwa amevaa sare ya kwaya. Mama akishika kuku anapapasa kitambaa, kitambaa ni kilekile, rangi haioni, anaduwaa. Siku mchungaji alipotutembelea, mama alimchinja jogoo wa Mama Aneth. Mama Aneth alikuja kusaidia kunyonyoa, akamtambua jogoo wake kwenye beseni, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akala paja.

Mtu mwenye akili timamu angeona kwamba hapo hapakuwa na tatizo. Mimi nina stashahada.

Nikiwa kibandani bila mteja, nilisoma kwenye simu kwamba wafugaji wengine huwatia kuku alama kwenye utando, ule ungozi mdogo ulio kati ya vidole vya mbele. Kila mguu una viutando viwili, kwa hiyo kuku ana vinne. Unakikata kwa kikata kucha, hakioti tena, na kuku anaendelea na maisha yake. Moyo uliniruka. Kilichokatwa ni moja, kizima ni sifuri! Viutando vinne, kila kimoja na hali mbili, ukizipanga zote unapata alama kumi na sita tofauti. Na kaya zetu ni ngapi? Kumi na sita. Niliona mkono wa Mungu kabisa. Juu ya hayo, mama angeweza kuisoma alama kwa vidole bila kuhitaji macho.

Programu yenyewe niliiandika kwenye simu, na nitaieleza hapa kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kuniomba niieleze. Unachukua namba, kuanzia sifuri mpaka kumi na tano. Unaigawanya kwa mbili na kuandika kilichobaki, ambacho lazima kiwe sifuri au moja. Jibu unaligawanya tena kwa mbili, kilichobaki unakiandika kushoto kwa kile cha kwanza, mpaka uwe na tarakimu nne. Chukua tano. Tano kwa mbili ni mbili, inabaki moja. Mbili kwa mbili ni moja, inabaki sifuri. Moja kwa mbili haiingii, inabaki moja. Inayofuata ni sifuri. Unapata sifuri moja, sifuri moja: yaani kila mguu umekatwa utando wa pili. Nilibonyeza, mistari ikashuka kwenye kioo kuanzia sifuri nne, yaani viutando vyote vizima, hadi moja nne, vyote vimekatwa, hakuna uliojirudia. Nilisimama peke yangu kibandani nikapiga makofi. Dereva mmoja akadhani namfukuza mbuzi.

Nikaenda kwa Mzee Antipasi, mwenyekiti wetu wa kitongoji, aitishe mkutano. Watu wakakaa mbele ya ghala lake la alizeti, nikawaeleza kwamba kompyuta zote duniani, hata zile za kurushia ndege, zinafanya kazi kwa sifuri na moja tu.

"Namba mbili tu?" Mzee Antipasi akauliza.

"Mbili tu, mzee."

"Na wewe kule Dodoma ulisoma miaka mingapi?"

"Miwili, mzee."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mwaka kwa kila namba. Si mbaya."

Watu walicheka, lakini walikubali. Hapo ndipo adabu iliponiponza. Nilikuwa na alama kumi na sita zilizopangwa kwenye mstari, na sisi kwetu ukigawa kitu unaanza na mkubwa. Kuku ni mali ya wanawake, na mwanamke mkubwa kuliko wote pale ni Mama Aneth. Alama ya kwanza kwenye mstari nikampa yeye: sifuri nne. Nikashuka hivyo kwa umri. Mama alistahili ya pili, ila alinilea na sheria kwamba anayepakua hujipakulia mwisho, kwa hiyo mama yangu nikamweka mkiani: moja nne. Watu wakanisifu kwa malezi mema. Mzungu angeiandika programu ile, angegawa ovyo tu, na pengine angesalimika.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba na kikata kucha. Ilinichukua wiki nzima, na kuku wa kitongoji chetu wakaanza kunikimbia hata barabarani. Kwa Mama Aneth sikumgusa hata mmoja. Nilimpongeza kwa kupata alama isiyo na maumivu. Kwetu nilikwenda mwisho, magharibi, kuku wakiwa wameshaingia bandani ambako hawana ubishi. Nilimulika kwa simu mguu mmoja baada ya mwingine, nikakata, nikaachia. Mmoja tu alinidonoa chini ya kidole gumba mpaka damu ikatoka, mama akanipaka chumvi akinicheka. Mama alipopapasa miguu ya kuku wake asubuhi, kila mguu mikato miwili, aliwajua wote papo hapo. Alikaa kizingitini akiwashika na kuwaachia, na furaha aliyokuwa nayo nilitamani Dodoma nzima iione.

Furaha hiyo ilidumu kiasi cha mkungu wa ndizi kwenye nyumba yenye watoto.

Shida ilianzia kwa Mama Aneth. Kuku asiyekatwa ni wa nani? Kwa sheria yangu, ni wake. Vifaranga wote wa kitongoji, kabla sijawafikia, wakawa wake. Kuku aliyeletwa na shangazi wa mtu kama zawadi akawa wake. Siku moja tenga la mfanyabiashara lilifunguka barabarani, kuku wakasambaa mpaka kwetu, na watoto, ambao walikuwa wameishika sheria kuliko wakubwa, wakawakamata wote na kumpelekea Mama Aneth wakiimba. Yule mfanyabiashara alikuja akifoka. Mama Aneth alimrudishia kuku wake na kikombe cha uji, lakini wanawake wengine wakaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Mwenye kifaranga aliyepotea alianza kupeleleza kwake kwanza.

Mama Aneth akaja kibandani kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nathan, kila kuku asiye na mwenyewe ananijia mimi. Jana wameniletea kanga. Kanga wa porini! Niondolee hii alama yako."

Angalieni jibu nililompa mwanamke aliyenibeba mgongoni. Nilimwambia, "Mama, mfumo ndivyo ulivyo." Na nikaendelea kubadilisha kioo cha mtu.

Alifunga khanga yake vizuri akaondoka.

Baada ya siku chache nilikuwa nyumbani, niliposikia sauti yake mlangoni kwetu. Alikuwa amembeba kuku kwapani.

"Mama Nathan, huyu mtetea wangu amekatwa miguu yote miwili."

"Lete." Mama akanyoosha mikono, akapapasa. Utando wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. "Rahabu, huyu ni wangu. Moja nne."

"Ni wangu. Ni yule mwekundu anayetaga chini ya kitanda changu. Hata leo katagia hapo hapo."

"Rangi mimi sioni. Alama naiona."

"Basi kuna mtu kamkata."

"Kamkata nani? Mwenye moja nne hapa ni mimi peke yangu."

Mama Aneth akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko neno.

"Kwa hiyo mimi mwizi," mama akasema.

"Sijasema."

"Umekaa kimya, umesema."

Mimi nilikuwa pale pale, nimesimama na kikombe cha chai. Nililisikia neno "mwekundu" kwa masikio yangu mawili, na halikunishtua. Wakati ule, kwangu mimi, kuku hakuwa na rangi tena. Alikuwa na tarakimu.

Kuku alibaki kwetu, na mchi ukarudi kwetu jioni ile ile, umeegemezwa ukutani bila salamu. Kinu nacho kikachukuliwa. Sasa sisi tukawa na mchi bila kinu, wao kinu bila mchi, na nyumba zote mbili zikala ugali wa unga wa kununua. Kwenye kwaya mama alisogea mwisho wa benchi. Siku ya hospitali ilikuwa Jumanne iliyofuata. Nilipomkumbusha, mama akasema, "Haipo." Nikamwambia nitakwenda naye mimi. Akaniuliza, "Utalala wodini na gauni?" Nikataja majina ya wanawake wengine watano wa kitongoji. Alikataa wote bila hata kugeuza shingo. Usiku alikuwa anapapasa ukuta kwenda kulala, na mimi nilikuwa natazama.

Nilifanya nini? Nilifanya kile tunachofundishwa. Nilikagua programu.

Nilikaa kibandani nikaipitia mstari kwa mstari. Nikaiendesha tena, ikatoa mistari yangu kumi na sita, safi, hakuna uliojirudia wala uliokosekana. Programu ilikuwa sahihi! Nilikaribia kufurahi. Halafu nikaitazama ile orodha kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye kuku, nikaona nilichokifanya. Kilichokatwa hakiungani. Sifuri inaweza kugeuka moja wakati wowote, kwa wembe, kwa mwiba wa mgunga, kwa ugomvi wa majogoo. Moja haiwezi kurudi kuwa sifuri. Kwa hiyo mwenye moja nne anaweza kumgeuza kuku yeyote wa kitongoji kuwa wake kwa kuongeza mkato tu. Nilimpa mama yangu alama ya mwizi. Rafiki yake nilimpa alama ambayo haina tofauti na kutokuwa na alama. Kati ya watu kumi na sita nilichagua hao wawili, kwa heshima.

Na kwa kitambo kifupi, Mungu anisamehe, nilijiuliza kama mama kweli alikata.

Jumamosi Mzee Antipasi akaita baraza. Watu wakakaa tena mbele ya ghala la alizeti, mama upande huu, Mama Aneth upande ule, na yule kuku katikati, amefungwa miguu kwa kamba ya katani kama mshtakiwa. Mzee Antipasi akasema, "Mwenye kompyuta asogee atusomee."

Nikachuchumaa. Nikamfungua kamba, nikashika mguu wa kushoto, nikainama nihesabu mikato. Kuku akazungusha shingo akanidonoa chini ya kidole gumba.

Alidonoa palepale. Lile kovu dogo lilikuwa bado jekundu, na damu ikatoka upya juu yake. Nikabaki nimekodoa macho. Nikaliona banda la mama magharibi ile, mwanga wa simu, miguu yenye viutando vinne vizima, na mimi nikijisemea, "Huyu nilimsahau," nikikata, kop, kop, kop, kop. Kuku wa Mama Aneth alikuwa amelala kwetu, kama walivyolala miaka yote. Hakuwa na alama, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa alama yake. Nikamsahihisha.

"Mzee," nikasema, "mwizi ni mimi."

Nikaeleza yote, nimechuchumaa hivyohivyo, nikinyonya kidole. Nilipofika mahali pa sifuri kufanana na kusahauliwa, niliona hata watoto wameelewa.

"Huko Dodoma," Mzee Antipasi akasema, "ile namba ya sifuri ulifundishwa mwaka wa kwanza au wa pili?"

"Wa kwanza, mzee."

"Ndiyo maana. Umesahau."

Akanitoza faini ya kimila: kuku mmoja aliye hai, nimpelekee Mama Aneth mkononi mwake, mbele ya watu, kesho yake baada ya ibada. Lakini hao wawili hawakuangaliana. Kila mmoja alikuwa amesafishwa, na kila mmoja bado alikuwa na lake moyoni. Mama aliitwa mwizi kwa ukimya. Mama Aneth aliambiwa usoni kwamba neno lake halifiki mkato wa kikata kucha. Niliwatazama wakiondoka kwa njia mbili tofauti kwenda kwenye nyumba zilizopakana, na Jumanne ilikuwa inakuja.

Jumapili asubuhi nilikwenda Shelui nikachagua mtetea mzuri, mnene, mwenye upanga mwekundu, aliyeletwa na wauzaji kutoka mbali. Baada ya ibada nikampeleka. Nusu ya kitongoji walinifuata. Mama naye alikuja, akishika bega la mtoto wa jirani, akasimama nyuma. Nikapiga goti, nikanyoosha mikono yote miwili.

"Mama, nimekosa. Pokea kuku."

Mama Aneth akampokea. Akamgeuza, akamwangalia miguu. Akaangalia tena, akaniangalia mimi.

"Nathan. Sheria yako imefutwa?"

"Bado, mama. Mkutano haujakaa."

"Huyu kuku ana miguu mizima."

"Ndiyo, mama, sijamka..." Nikaishia hapo.

"Kwa hiyo huyu tayari ni wangu. Tangu alipoingia kitongojini ni wangu." Akawageukia watu. "Amenikatia kuku wangu, na ananilipa kwa kuku wangu!"

Kicheko kilianza kwa Mzee Antipasi na kikazunguka kama moto wa nyasi. Mimi nilibaki nimepiga goti. Mama Aneth alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka kile kicheko chake cha kukaa chini, kuku mkononi. Na nyuma ya watu nikasikia kicheko kingine ambacho sikuwa nimekisikia tangu mchi urudi. Mama alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga, mabega yanacheza.

"Basi mkate," Mama Aneth akasema akifuta machozi. "Mkate kote kote, awe wa mama yako, angalau awe zawadi."

"Asikatwe," mama akaita kutoka nyuma. "Katumaliza vya kutosha."

Mama Aneth akaelekea pale mama aliposimama. Mama alisubiri, kwa kuwa kwake lilikuwa gunia tu linalosogea.

"Jumanne tunaondoka na gari la saa ngapi?" gunia likauliza.

"Haisi ya saa kumi na mbili," mama akasema. "Ukichelewa nakuacha."

Wakaenda. Mimi niliachwa kulisha kuku wa nyumba mbili na kuandika programu upya, kazi niliyoona nina sifa nayo zaidi ni ya kwanza. Safari hii nilitengeneza alama zilezile kumi na sita, kisha nikaongeza mstari mmoja: hesabu mikato, na kama si miwili kamili, tupa. Kuku mwenye mikato miwili hawezi kugeuzwa wa mwingine, maana ukiongeza mkato anakuwa na mitatu, na mitatu si ya mtu. Na asiyekatwa ni asiyekatwa tu, wala si mali ya Mama Aneth. Nilifurahi mpaka nilipohesabu zilizobaki. Sita. Alama sita kwa kaya kumi na sita.

Mzee Antipasi hakushangaa. Kwa kuwa mkato hauungani, kuku waliokwisha kukatwa wangebaki na alama zao za zamani mpaka waishe, na alama mpya zingeanza kwa vifaranga. Tukakubaliana kaya zishirikiane alama, lakini zile zilizo mbali mbali, ili kuku wao wasikutane. Hiyo ilikuwa akili nzuri, niseme ukweli, na niliipanga kwa makini. Nikampigia simu mama hospitalini kumwambia alama yake mpya. Simu ikachukuliwa na Mama Aneth.

"Mimi na mama yako tupe alama moja."

"Haiwezekani, mama. Nyinyi mnapakana. Mtachanganyikiwa."

"Tupe moja," mama akasema kutoka kitandani, kwa mbali.

Nikawapa moja. Kiufundi, ni upuuzi.

Walirudi Ijumaa. Niliwapokea stendi. Mama alishuka kwenye haisi amevaa miwani myeusi, Mama Aneth nyuma yake amebeba mfuko, na kabla hata sijamwamkia, mama alisimama mbele ya kibanda changu akainua uso kwenye kibao. Alisoma polepole, herufi kubwa, kisha ndogo.

"Mhandisi," akasema. "Haya."

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kizingitini kwake akakaa. Mchi na kinu vilikuwa vimekaa pamoja, nilivipanga mwenyewe. Kuku wake weupe wakaja kumzunguka, weupe wote, na yeye akawaangalia mmoja mmoja bila kuwashika. Halafu kutoka upande wa Mama Aneth akaja yule mtetea wa kesi, akipita katikati ya wengine kwa dharau zake.

Mama akavua miwani.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," Mama Aneth akasema.

"Mwekundu hivi?"

"Mwekundu hivi."

Mama aliwatazama kuku wake weupe, akamtazama tena yule. Nikaona macho yake mapya yanajaa maji, jambo ambalo daktari alilikataza.

"Uliniambia ni mwekundu, Rahabu."

"Nilikuambia."

"Nikaamini alama, kwa sababu aliikata mwanangu." Akamshika Mama Aneth mkono, akanigeukia mimi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. "Mimi nilikuwa na mtoto wa jicho, Nathan. Wewe ulikuwa na nini?"

Nikamtazama yule kuku, kuanzia kichwani safari hii. Alikuwa mwekundu kweli.